Kabla ya kuchoma bando, uliza hapo hapo unapoandikia

Wewe kijana wa Kiganjo unayejifunza kuandika programu, hebu jiulize: bando la jana liliishia wapi? Ulitaka tu kujua amri moja ya Python inavyofanya kazi. Ukaingia Google, Google ikakupeleka YouTube, na kabla hujapata jibu ukawa unatazama mabao ya wikendi. Data imeisha, kazi iko pale pale.

Maoni yangu ni haya: jibu la kwanza litafute ndani ya programu unayoandikia. Limo humo, na halikudai hata ndururu.

Python huja na mwongozo wake. Ifungue, andika help(len), na maelezo yanatokea bila intaneti. Unatumia VS Code? Ukishaiongezea kiendelezi cha Python, weka kishale cha mausi juu ya jina la amri, usome. Na Vim je? Andika :help, basi, mwongozo wake mzima uko mbele yako.

Tena Vim inatuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Aliyeiunda, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Baadaye Vim ikawa inawaomba wanaoitumia wawachangie watoto hao. Andika :help uganda ujionee. Moolenaar alifariki 2023, lakini ombi lake lingali humo. Yaani jirani zetu wamo ndani ya mwongozo unaosomwa dunia nzima, ila sisi hatuufungui!

Utaniambia Kiingereza chake ni kigumu, na video inaeleza pole pole. Sawa, video inafaa unapoanza somo jipya. Lakini kujua amri inataka nini ndani ya mabano si somo, ni swali la sekunde kumi. Maneno ya miongozo hujirudia. Ukiyazoea hayakutishi tena.

Na stima ikipotea mtaani, Wi-Fi ikazima, nani ataendelea na kazi? Ni yule mwenye chaji kwenye laptopu na mazoea ya kujisomea.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kufungua kivinjari, uliza kwanza hapo hapo. Ukikosa jibu, bando lako bado lipo.