Somo Moja la Sheria Si Aibu

Kusoma somo moja moja la sheria katika ngazi ya uzamili, bila kujiandikisha kwa shahada, ni njia halali ya elimu. Vyuo vikuu vingi duniani humpokea msomaji wa namna hiyo, humtahini na kumpa hati ya matokeo. Somo hilo halimfanyi mtu wakili, lakini hata shahada ya uzamili yenyewe haimfanyi. Linampa maarifa, na hayo dini nyingi zimehimiza yatafutwe.

Arusha yayahitaji kuliko mji wowote wa Afrika Mashariki. Hapa ndipo zilipo Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Vyuo navyo havipo mbali. Chuo Kikuu cha Makumira, chini ya Mlima Meru, hufundisha sheria. Hata hivyo, wapo mawakili wa mji huu huu wasiojua taratibu za mahakama hizo. Penye miti hapana wajenzi!

Mwananchi wa Ngaramtoni au Usa River akidhulumiwa kwa amri ya serikali inayovunja Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ibara ya 30 ya Mkataba huo yamruhusu kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika Mashariki, bila kumaliza kwanza mahakama za nyumbani, ila ndani ya miezi 2 tu. Mahakama ya Afrika, kinyume chake, hutaka njia za ndani zimalizwe. Tena, baada ya Tanzania kuondoa, mwaka 2019, tamko lake la kuruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko, mwananchi hawezi kuipelekea shauri jipya dhidi ya nchi yake. Wakili asiyejua tofauti hiyo atamzungusha mteja kwenye rufaa hadi miezi 2 ipite, na haki imekwenda. Muhula mmoja darasani ungemwokoa.

Lakini akihimizwa kusoma, hujibu kwamba anangoja ada ya shahada nzima. Mtaka yote hukosa yote. Haba na haba hujaza kibaba. Ubongo hakunyimwa, maana mawakili wa Arusha ni hodari, na Mlima Meru una historia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifikisha Umoja wa Mataifa, New York, kilio cha Wameru wenzake waliofukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki. Hakuwa na shahada ya sheria. Wameru walijua kwamba Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kwamba malalamiko yangeweza kupelekwa huko.

Na fedha hazikosekani. Kadi za michango ya mahafali husambazwa miezi kadhaa kabla, ukumbi hukodiwa, ndafu huchomwa na keki hukatwa, na baada ya hapo mhitimu hafungui tena kitabu. Hilo ni israfu, na jamii inalichekelea.

Vyuo vya Arusha navyo vina lawama vinapolifungia kila somo ndani ya shahada. Na vipokee wasomaji wa somo moja, jioni baada ya kazi, na alama zao zihifadhiwe wakitaka kuendelea. Mawakili, mahakimu na maofisa ardhi wajiandikishe muhula ujao, wakianza na sheria ya Jumuiya.