Jeshi la udongo: wapagazi wako wapi?



Kwa miezi miwili sasa kuna neno moja linalogawa masomo yetu. Chini ya dirisha la biblioteki kuna meza, na juu ya ile meza kuna vita. Wenzetu wa mwaka wa nne na wa tano wamefinyanga askari 84 wa udongo, kila mmoja mfupi kuliko kidole. Udongo waliuchota mtoni, wakaukausha kivulini siku nne ili usipasuke, kisha wakamwomba mama mpishi ruhusa ya kuwachoma askari wao katika majivu ya jiko. Bunduki ni vipande vya waya. Rangi ni makaa, chokaa, vumbi la tofali na ile buluu ya kufulia nguo. Milima ni magazeti ya zamani yaliyobandikwa kwa gundi ya bunga ya muhogo. Mutu akipita karibu lazima asimame. Hata sisi wakubwa wa bweni tulisimama, tena zaidi ya mara moja.

Basi, kuna wanaotaka ile meza iondolewe. Kuna waalimu, kuna wanafunzi wengi kuliko tulivyofikiri. Bwana Prefe ametuambia kwamba mbele ya kukata neno atasikiliza shauri la wakubwa wa wanafunzi mwisho wa mwezi huu. Ndiyo sababu tunaandika. Shauri letu ni hili: meza ibaki, lakini vita iliyo juu yake itengenezwe upya, maana kwa namna ilivyo leo inadanganya.

Kwanza tuseme mchezo huu ulitoka wapi, kwa sababu tumesikia mmoja akisema ni uvumbuzi wa watoto wavivu. Hapana. Mchezo una wazee. Katika nchi ya Prusia, mwaka 1812, Bwana von Reisswitz alimtengenezea mfalme meza yenye milima na mito ya vipande vipande. Mwaka 1824 mtoto wake, aliyekuwa ofisa, alitoa sheria mpya za kucheza juu ya karta, na vipande vidogo na dadu. Jenerali von Müffling alipouona aliusifu mbele ya jeshi lote, na maofisa wakaanza kujifunza vita kwa njia hiyo. Kwa hiyo wanaosema kwamba mchezo wa meza hauwezi kufundisha vita wasome tena.

Lakini kuna upande wa pili. Katika Uingereza mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu mwaka 1913, jina lake Little Wars. Yeye na rafiki zake, watu wazima wenye ndevu, walikuwa wakilala tumbo chini sakafuni na kupiga askari wa risasi kwa mizinga midogo ya springi iliyotupa vijiti. Nyumba za vijiji vyao zilikuwa vipande vya mbao vya watoto. Wells hakupenda vita. Alifikiri kwamba mtu akicheza mara chache ataona wazi ile vita kubwa ni ujinga gani, hata kwa mshindi. Mwaka uliofuata, 1914, vita kubwa ikaja, na wengi wa vijana waliokuwa na askari wa risasi nyumbani wakaenda kuzikwa katika matope ya Ufaransa. Kitabu chake hakikuzuia kitu. Tunasema hivi ili mtu asifikiri kwamba meza yetu italeta amani katika Kongo.

Siku hizi katika Ulaya na Marekani mchezo huu ni biashara kubwa. Mwaka 1983 watu wa Nottingham, Uingereza, walitoa Warhammer, ambayo askari wake si wa historia bali mazimwi, vibete na mifupa inayotembea. Mtu hununua sanduku la plastiki, anakata vipande, anabandika, anapaka rangi nyeusi kwanza na nyingine juu yake, na brashi yenye nywele chache. Jeshi moja linaweza kumchukua mwaka. Wengi wananunua zaidi ya wanavyoweza kupaka, masanduku yanajaa chini ya kitanda. Askari wengine ni wa madini, na madini hayo yana bati ndani yake. Bati inatoka katika kasiterite, na kasiterite wasomaji wa hapa munaijua: Walikale, Kalima, watu wanaichimba kwa mikono. Hatusemi kwamba bati ya wale askari ilitoka kwetu, maana bati iko pia Indonesia na Bolivia. Tunasema tu kwamba jambo hili haliko mbali na sisi kama wengine wanavyofikiri.

Sasa tuingie katika maneno ya wale wanaokataa.

Wa kwanza wanasema wanafunzi wanapoteza wakati na egzamen ya Serikali iko karibu. Hili ni jibu la haraka: wa mwaka wa sita hawachezi, na wa mwaka wa nne wanaocheza wamesoma historia ya mwaka 1916 kuliko kalasi yote. Muulizeni bwana mwalimu wa historia.

Wa pili wanasema ni zambi, wanatutajia Isaya 2:4, ile ya panga kugeuzwa kuwa majembe. Andiko hilo tunalipenda nasi. Lakini katika Biblia hiyohiyo vita zimeandikwa kwa hesabu na majina, na hatukatazwi kusoma vitabu vya Wafalme. Zambi ingekuwa kufurahia mtu anayekufa. Na hapo, tuseme kweli, kuna kelele fulani tulizisikia kwenye ile meza Jumamosi moja ambazo hazikupendeza.

Wa tatu ndio wanaotusumbua roho. Hawa hawana hoja ya vitabu. Kuna mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu aliyefika hapa mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari. Alifika na shuka moja. Siku moja alisimama kando ya meza, akaangalia muda mrefu askari wakisukumwa kutoka mlima mmoja mpaka kijiji, kijiji cha nyumba sita za karatasi. Kisha akauliza: «Na batu ba kijiji banakimbilia wapi?» Wachezaji wakatazamana. Mmoja akasema katika sheria hakuna watu wa kijiji. Yule mtoto akaondoka.

Nchi yetu imeona watoto wakipewa bunduki. Mwaka 1996 na 1997 waliitwa kadogo, na jina hilo lilitamkwa kama kitu cha kuchekesha. Ile vita ya 1998 mpaka 2003 wazazi wetu waliiona kwa macho. Mutu asituambie basi kwamba mchezo wa vita hapa ni sawasawa na mchezo wa vita kwa Wells. Kule Uingereza kabla ya 1914 vita ilikuwa jambo la mbali. Hapa watu wameingia nayo katika bweni.

Kuna waliotoa shauri la kuponyoka: tuache historia, tufinyange mazimwi kama wale wa Nottingham, hapo hakuna atakayeumia. Sisi hatukubali. Baba Mchungaji atapata kazi nyingine ya kukemea mashetani, hiyo ni moja. Ya pili, jeshi la mazimwi linatembea milima na mabonde bila mtu wa kulibebea chakula. Je, zimwi halili?

Na hapo ndipo tunapotaka kufika. Vita waliyochagua wenzetu ni ile ya Tabora, na walichagua vizuri maana ni yetu. Mwaka 1916 Jenerali Tombeur alivusha Force Publique kutoka upande wa Kivu. Kigali ilitwaliwa tarehe 6 Mei, nyuma yake Usumbura, mwishoni mwa Julai Kigoma, na tarehe 19 Septemba askari wa Kongo wakaingia Tabora, wakati Wajerumani na askari wao, chini ya Jenerali Wahle, walikuwa wamekwisha kutoka. Nyuma ya vita Tombeur alifanywa baroni, akaitwa Tombeur de Tabora. Yote haya yako juu ya meza: kofia nyekundu, mizinga midogo ya mlimani, hata moshi wa pamba kwa ajili ya zile bunduki za zamani za Wajerumani zilizotoa moshi mwingi. Kazi safi.

Lakini mzinga ulifikaje pale? Barabara ya motokari haikuwako. Farasi na punda walikufa kwa mbung'o. Kila risasi, kila kilo ya mchele, kila sanduku la dawa na kila chupa ya mzungu ilipanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Kwa vita ile Kongo ilitoa wapagazi wanaohesabiwa karibu 260,000. Askari wa Tombeur walipita 10,000 kidogo. Wapagazi hawakuwa wote njiani kwa siku moja, wengine walibeba majuma machache karibu na kwao, wengine hawakurudi. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara, baridi ya milimani, na mizigo.

Tulifanya hesabu pamoja na mmoja wa mwaka wa tano. Tuseme mtu mmoja wa udongo ni watu 100. Basi askari 10,000 ni watu 100 wa udongo, na wale wenzetu karibu wamefika. Wapagazi 260,000 ni watu 2,600 wa udongo. Meza ya biblioteki haiwezi kuwabeba. Tungehitaji meza zote za chumba cha kulia na benchi zake. Angalieni basi: kwa ile meza wapagazi ni sifuri. Vita ilipigwa na watu 84 wenye kofia nzuri, wanaokula hewa.

Wenzetu si wa kwanza kufanya hivyo. Wanaokusanya majeshi madogo, popote walipo, wanapenda yule mwenye bunduki na bendera. Mtu mwenye mzigo kichwani anachosha kufinyanga na hapigi mtu. Kwa Waingereza ilikuwa vilevile katika vita vyenyewe: wapagazi wao walikusanywa katika Carrier Corps, na waliobaki nalo ni jina tu, Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi, ambako leo watu wananunua nyanya na viatu. Na ile hadithi ya Mimi na Toutou, mashua mbili za Waingereza zilizoshushwa katika ziwa Tanganyika karibu na Kalemie mwezi wa Desemba 1915, wachezaji wanaipenda sana. Zile mashua zilivutwa juu ya milima ya Katanga kwa mashine, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya watu waliokata miti na kujenga madaraja. Mashua tunajua majina yake.

Shauri letu kwa Bwana Prefe na kwa wachezaji ni la kazi, si la maneno.

Wapagazi watiwe katika mchezo. Kuwafinyanga 2,600 haiwezekani, basi tuchukue punje za mahindi, punje moja kwa wapagazi 100. Zikae nyuma ya kila kikosi. Kikosi kisicho na punje karibu, kwa urefu wa shibiri moja, hakitembei na mzinga wake haupigi. Kila zamu dadu itupwe kwa ajili ya punje, na ikitoka sita punje moja iondoke. Isirudishwe mfukoni. Iwekwe katika sahani nyeupe kwenye kona ya meza mpaka mwisho, wote waione. Tulijaribu na wawili wao Jumatano jioni. Yule mwenye jeshi la kaskazini alipoteza punje 31 mbele ya kuona Mjerumani hata mmoja, akakasirika, akasema mchezo umeharibika. Mwenziwe akamwambia: «Hapana, sasa ndiyo umeanza kufanana.»

Kijiji nacho kiwe na watu. Kikosi chenye njaa kikikaribia, mchezaji achague: kubaki na njaa ao kutwaa chakula. Akitwaa, watu wa kijiji waende porini, na aseme kwa sauti wanakwenda wapi juu ya ile karta. Tukimaliza kuandika sheria hii tutamwonyesha kwanza yule mwenzetu wa mwaka wa tatu. Akisema hapana, itaandikwa upya. Akisema hataki kuiona kabisa, tutaihamisha meza kutoka biblioteki hadi chumba cha jiografia, asilazimishwe kupita mbele yake kila siku.

Kelele za kushangilia wafu zikomeshwe. Hilo ni juu yetu sisi makapita, na tutaliangalia.

Wanaotaka kusaidia walete punje kavu, si za kupikwa, mama mpishi amekwisha kulalamika. Na mwenye babu aliyebeba mzigo wa vita ile, ao aliyesikia habari zake nyumbani, aje aandike jina lake katika daftari iliyo kwa mtunza biblioteki. Mpaka leo tuko na majina matatu.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita