Fikra ya Kiebrania haichimbwi katika mizizi ya maneno

Kuna hoja inayopendwa sana katika makanisa yetu, na mara nyingine hata katika vyumba vya masomo. Mhubiri anaeleza kwamba kwa Kiebrania neno dabar lina maana ya «neno» na pia ya «jambo» au «tendo». Kisha anafunga hesabu: ndiyo maana kwa Mwebrania kusema ni kutenda, lakini kwa Mgiriki neno ni wazo tu. Waumini wanaitika amina. Sisi tunaosoma isimu tusiitike haraka hivyo.

Tuanze na lugha iliyo mdomoni mwetu. «Neno» la Kiswahili ni kitu kinachotamkwa. Lakini mtu akikuambia «si neno», hazungumzii matamshi. Anasema hakuna tatizo. Na hapa Kongo anayeuliza «ni maneno gani?» anataka kujua mambo gani yametokea. Basi Kiswahili kinafanya kama Kiebrania: neno moja linabeba tamko na jambo. Je, tuseme Mswahili hatofautishi kusema na kutenda? Muulize mama yeyote wa sokoni kama mdeni aliyeahidi kulipa na mdeni aliyelipa ni mtu mmoja. Atakucheka. Kama hoja haisimami kwa Kiswahili, ambacho tunaweza kuwauliza wenyewe wanaokisema, kwa nini isimame kwa lugha ya watu waliokufa zamani, wasioweza kutujibu?

Hoja hiyo haikuzaliwa katika makanisa yetu. Mwaka 1952 Mnorwe Thorleif Boman alichapisha kwa Kijerumani kitabu kinacholinganisha fikra ya Kiebrania na ya Kigiriki. Kwa kutumia sarufi na msamiati alidai kwamba Mwebrania anaiona dunia katika mwendo, na Mgiriki anaiona imetulia. Kitabu kilisomwa sana na wanateolojia. Mwaka 1961 Mskoti James Barr akatoa jibu katika kitabu chake juu ya semantiki ya lugha ya Biblia. Kwa kifupi alisema hivi: huwezi kutoka kwenye umbo la neno ukaruka moja kwa moja hadi kwenye akili ya taifa. Maana hukaa katika neno jinsi linavyotumika ndani ya sentensi, na sentensi ndani ya maandishi. Haikai katika mzizi, wala haiji yote kwa pamoja kila mara neno linapotajwa.

Wengi wetu tulifundishwa hayo mapema katika masomo ya semantiki. Lakini likija neno la Kiebrania, lenye harufu ya utakatifu, tunayasahau. Chukua mzizi wa konsonanti tatu, s-l-m, ambao Kiarabu na Kiebrania wanaushiriki, nasi tukaupokea kupitia Kiarabu. Kiswahili kina salamu, salama, silimu, na hata «kusalimu amri». Mtu anayekuamkia asubuhi «salamu yako» hakuombi usilimu, wala hajisalimishi kwako kama askari aliyeshindwa vitani. Mzizi unatueleza historia ya maneno. Hautuelezi anachowaza msemaji leo.

Kuhusu wakati ni vilevile. Kitenzi cha Kiebrania cha Biblia kina maumbo mawili makuu, ambayo wanasarufi wengi huyaeleza kwa kutazama kama tendo limekamilika au bado, kuliko kwa kutazama lilifanyika lini. Hapo baadhi ya watu wakahitimisha kwamba Waebrania walikuwa na «wakati» wao wa pekee, usiofanana na wa watu wengine. Njoo kwenye Lingala. Neno lobi ni jana na pia ni kesho. Hata hivyo Kinshasa watu wanapanga harusi, wanalipana madeni, wanapanda boti siku iliyotajwa. Kitenzi na mazungumzo vinaonyesha ni lobi ipi. Tazama pia -ta- ya Kiswahili katika «nitakwenda». Wataalamu wanaieleza kuwa imetokana na kitenzi taka. Hakuna anayesema kwamba kwa Mswahili wakati ujao ni matamanio tu.

Msomaji anaweza kuuliza: ugomvi huu wa wanateolojia wa Ulaya unatuhusu nini sisi wa lugha za Kiafrika? Unatuhusu sana, kwa sababu sisi pia tulipimwa kwa kipimo hichohicho.

Mwaka 1855 Mfaransa Ernest Renan alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya lugha za Kisemiti. Kutokana na lugha hizo aliwahukumu wasemaji wake kuwa watu wasio na kipaji cha falsafa wala cha dhana zisizoshikika. Karibu miaka mia baadaye Boman alipita njia hiyohiyo, ila yeye alikuwa anasifu. Mmoja alitukana, mwingine alipamba, na mantiki ni moja: onyesha sarufi yao, nitakuambia akili yao.

Katikati ya hao wawili, mwaka 1945, kitabu cha Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Padri huyo aliishi na Baluba wa Katanga na aliwapenda. Lakini yeye pia aliandika kwamba kazi ya kuipanga fikra ya Wabantu na kuwaeleza wenyewe ni ya Wazungu. Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti alitegemea njeo za Kikamba na Kikuyu kudai kwamba katika fikra ya jadi ya Kiafrika wakati ujao ni mfupi sana, karibu haupo, na nyakati zake akaziita kwa Kiswahili: sasa na zamani. Zamani yenyewe ni neno tulilopokea kutoka Kiarabu! Aliyekuwa anatutetea alishika silaha ya waliotudharau.

Kwa hiyo anayekubali bila kuuliza kwamba «Mwebrania huwaza hivi kwa sababu kitenzi chake kiko hivi» anafungua mlango ambao kesho utaingiza hukumu juu ya Muluba, Mushi au Mungwana. Hatuwezi kuukataa mlango huo unapotutukana, kisha tukaufungua wenyewe Jumapili.

Je, basi fikra ya Kiebrania haipo? Ipo, na inastahili kusomwa kuliko tunavyoisoma sasa. Tatizo ni mahali tunapoitafuta. Ipo katika maandishi: katika Ayubu anayebishana na Mungu bila kunyamazishwa na rafiki zake; katika Mwanzo, panapowekwa masimulizi mawili ya uumbaji bega kwa bega bila moja kulifuta jingine; katika Talmudi, ambamo rai ya walioshindwa katika mjadala inahifadhiwa pamoja na ya walioshinda. Mwaka 2012 Yoram Hazony alitoa kitabu kinachotetea kwamba Maandiko ya Kiebrania yasomwe kama kazi za hoja na falsafa. Unaweza kumkubali au kumpinga, lakini unabishana naye juu ya hadithi na hoja, ambazo kila msomaji anaweza kuzikagua.

Na fikra hiyo haikufungwa ndani ya lugha moja. Sehemu kubwa ya Talmudi ni Kiaramu. Filo wa Aleksandria, Myahudi, aliandika kwa Kigiriki. Maimonides aliandika «Mwongozo wa Waliotatizika» kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania. Kama sarufi ndiyo ingekuwa mama wa fikra, hao wote wangeacha kuwaza Kiyahudi siku walipobadilisha lugha.

Wengine watasema kwamba ninaondoa faida ya kujifunza Kiebrania. Hapana. Katika sura ya pili ya Mwanzo, adam, mtu, anatolewa katika adama, udongo. Hapo ufanano wa sauti una uzito, kwa sababu mwandishi mwenyewe ameyaweka maneno hayo pamoja na kuyachezesha. Ushahidi uko katika ukurasa. Asiyejua Kiebrania hauoni. Mwenye kamusi tu, asiyesoma sentensi, anauona hata pale ambapo haupo. Kazi ya isimu ni kutofautisha hayo mawili.

Ndiyo maana naomba mambo mawili kwa waalimu wetu na kwa wenzangu. La kwanza, kozi za Kiebrania zinazotolewa kwa wanateolojia zifunguliwe pia kwa wanafunzi wa lugha za Kiafrika, nao wanateolojia waje kusoma semantiki kwetu. Wao wana maandishi, sisi tuna mbinu, na kila Jumapili waumini wengi wanawasikiliza wahubiri waliopita katika madarasa hayo. La pili, tuzikague kazi zetu wenyewe za mwisho wa masomo. Anayeandika juu ya «mtazamo wa ulimwengu» wa kabila fulani kupitia ngeli za majina aulizwe swali ambalo Barr aliwauliza wanateolojia: sentensi ziko wapi? Nani alisema, kwa nani, akitaka nini? Kama kinachoonyeshwa ni orodha ya viambishi tu, arudi kijijini na kinasa sauti. Akarekodi kasala, kesi mbele ya wazee, ugomvi wa mashamba. Humo watu wanaonekana wakiwaza, na mara nyingi wakipingana, kama vile Ayubu na rafiki zake.