Punguza vitu kabla ya kumlaumu yaya

Jumamosi moja jioni umeme ulipotea katika fleti yetu hapa Nyali. Nilishuka dukani kununua mafuta taa ya kutia katika kandili, na kwa kuwa sikuwa nimebeba dumu, mwenye duka alinimiminia katika chupa tupu ya soda akaiziba kwa kipande cha karatasi. Kandili ilijazwa, na mafuta yaliyobaki yakaachwa sakafuni jikoni, nyuma ya mitungi ya maji, kando ya gunia la makaa na pasi mbovu. Siku tatu baadaye mwanangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, aliiona ile chupa akaitambua, kwani chupa kama hiyo huwekwa mezani kila tunapopata wageni. Akainywa.

Mtoto alikohoa usiku kucha hospitalini. Kwa siku mbili alipumua kwa shida, kisha Mungu akatujalia akapona. Lakini jambo ninaloona haya kulisema ni kwamba nilipofika pale hospitalini, neno langu la kwanza lilikuwa kumuuliza yaya alikuwa wapi. Msichana huyo alikuwa chooni akimwosha mdogo wake mtoto huyo. Daktari hakumuuliza yaya lolote. Aliniuliza mimi ni nani aliyetia mafuta taa katika chupa ya soda.

Sikisimulii kisa hiki kwa kuwa ni cha ajabu. Kwa miaka mingi mafuta taa yamekuwa miongoni mwa sumu zinazowapeleka watoto wadogo hospitalini kwa wingi katika nchi zetu. Nakisimulia kwa sababu nimeamini kuwa tunatafuta mkosaji mahali pasipofaa. Mtoto anapoungua, anapokunywa sumu au anapotumbukia katika ndoo, sisi husema kwamba hakuangaliwa. Mimi nasema kuwa nyumba zetu zimejaa vitu kupita kiasi, na hakuna jicho la mtu, la mama wala la yaya, linaloweza kuviangalia vyote.

Hebu msomaji azunguke nyumbani mwake leo na kuhesabu. Sebuleni pana makochi ambayo hayaachi nafasi ya kupita, na kabati refu lenye televisheni na vyombo vya kioo ambavyo hutolewa mara mbili kwa mwaka. Chumbani mna masanduku juu ya kabati, mifuko ya nguo chini ya kitanda, na lundo la nguo za watoto ambazo tayari haziwatoshi. Soko la Kongowea liko karibu, mitumba ni rahisi, na kila tupitapo tunarudi na furushi. Jikoni mna mitungi, ndoo, sufuria zisizo na mikono, na chupa tunazoziweka kwa kuwa huenda zikahitajika. Hapo katikati ndipo tunapotaka mtoto wa mwaka mmoja na nusu atembee salama.

Yafaa ieleweke mtoto wa umri huo alivyo. Hujifunza kwa mikono na kinywa. Hajui tofauti ya soda na mafuta taa, wala ya tembe na peremende. Hufikia kila kitu kilicho chini ya kiuno cha mtu mzima, na akipata stuli hufikia zaidi. Kichwa chake ni kizito kikilinganishwa na mwili, kwa hivyo akiinama juu ya ndoo yenye maji aweza kutumbukia kichwa chini na kushindwa kujiinua. Maji ya kina kifupi tu yatosha kumzamisha, na mara nyingi huzama bila ya kupiga kelele. Mambo haya huchukua dakika chache, muda ule ule ambao mtu hugeuza chapati au kufungua mlango.

Kuhusu mafuta taa kuna jambo ambalo kila mzazi apaswa kulijua. Ubaya wake mkubwa hauko tumboni bali mapafuni. Ni mepesi, huteleza yakaingia katika njia ya hewa, na yakifika huko huyaunguza mapafu. Ndiyo maana mtoto aliyeyanywa hatakiwi kutapishwa, wala kunyweshwa maziwa, mafuta ya kula au maji ya chumvi ili atapike, kwani akitapika huenda akayavuta kwa mara ya pili. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, umkimbize hospitalini pamoja na ile chupa. Asiachwe nyumbani kwa kuwa anaonekana mzima, maana kikohozi na kuhema kwa kasi huweza kuanza baada ya saa kadhaa.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili. Nyanya yangu mzaa mama aliishi Mji wa Kale, na nyumba yake haikuwa na kabati hata moja. Katika nyumba za mawe za Mombasa na Lamu, kuta zilijengwa kwa vidaka, na humo ndimo vyombo vya thamani vilimowekwa, juu, mbali na mikono ya watoto. Nguo na dawa zilikuwa katika kasha lenye kufuli. Chakula kiliwekwa katika susu, yaani wavu wa kamba ulioning'inizwa darini ili paka na panya wasikifikie. Sakafuni palikuwa na mkeka tu, na mkeka ulikunjwa ukaegemezwa ukutani. Watoto walitambaa katika nyumba hiyo kutwa nzima na hapakuwa na mtu wa kuwafuata nyuma.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mambo ya kale. Basi na tutazame hospitali za siku hizi. Kuanzia mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya nchini Tanzania ilianza kufuata utaratibu uliotoka katika viwanda vya Japani, na baadaye hospitali nyingine nyingi za nchi hiyo zikaufuata. Utaratibu wenyewe una hatua tano, nazo Watanzania wamezipa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Msomaji azingatie kwamba hatua ya kwanza ni kusasambua, wala si kusafisha au kupanga. Kwanza unatenga vitu unavyovihitaji na usivyovihitaji, na visivyohitajika vinaondoka. Ndipo unapokipa kila kilichobaki mahali pake.

Sisi majumbani huanza na hatua ya pili. Tunanunua kabati jingine, tunanunua makapu ya plastiki, tunapanga takataka zetu vizuri na kujisifu kuwa nyumba imepangika. Baada ya juma moja mambo yamerudi palepale. Kitu ambacho hakipo hakihitaji kufutwa vumbi, hakimwangukii mtoto na hakifugi mende. Katika joto na unyevunyevu wa pwani, nguo zilizorundikwa hupata koga, na koga na vumbi huwasumbua watoto wenye pumu. Familia ngapi hununua dawa ya kifua kila mwezi na hazijautazama uvungu wa kitanda?

Kuna kitu kimoja ambacho sitamlaumu mkazi wa Mombasa kwa kukirundika, nacho ni maji. Maji ya bomba hutufikia kwa zamu, visima vingi vina maji ya chumvi, na anayeishi Nyali, Kisauni au Changamwe hana budi kuweka akiba. Wenye dhamana ya maji hawana budi kulaumiwa kwa hilo, na tuendelee kuwalaumu. Hata hivyo, mfuniko wa pipa ni jukumu letu.

Mbu anayeeneza homa ya dengi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hapendi mitaro michafu. Hutaga mayai katika maji safi yaliyotulia, yaani katika mapipa, ndoo, vyungu vya maua na hata makopo matupu yaliyoachwa kwenye roshani yakanyeshewa na mvua. Huuma mchana, wakati ambapo chandarua kimekunjwa. Mwaka 2013 homa hiyo iliingia Mombasa, na uchunguzi uliofanywa katika nyumba za mtaa wa Tudor uligundua dalili za maambukizi ya karibuni katika damu ya watu kama 13 kati ya kila 100. Mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia 2018 tulipatwa na chikungunya, inayoenezwa na mbu huyohuyo. Jina hilo ni la Kimakonde, kusini mwa Tanzania, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952, nalo lamaanisha kujikunja. Aliyeugua hahitaji kufafanuliwa.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai ya mbu huyo hugandamana na ukuta wa pipa juu kidogo ya maji, nayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja kuloweshwa. Pipa lisuguliwe kwa brashi kila juma, lisuuzwe, kisha lifunikwe vizuri. Mwenye mapipa mawili aweza kufanya hivyo. Mwenye vyombo kumi na viwili, nusu yake vikiwa vimetoboka, hatafanya.

Nimeyasema haya mbele ya jamaa na marafiki, na majibu yao nayajua. Wa kwanza husema kuwa mtoto hufunzwa, tena husema mtoto akililia wembe mpe. Nakubali kuwa mtoto afunzwe. Lakini methali hiyo yamhusu mtoto aliyekatazwa akasikia na bado akashupaa. Asiyeweza kusema wala kuelewa katazo hajalilia wembe, ameukuta sakafuni.

Wa pili husema kwamba maisha ni magumu, huwezi kutupa kitu ambacho kesho utakihitaji. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nami nililelewa na watu wasiotupa hata kamba. Lakini sikusema tutupe. Nguo zisizotosha zina watoto wa ndugu zetu wa kuzivaa. Pasi mbovu ina mnunuzi wa vyuma kuukuu anayepita na mkokoteni. Nyumbani kwangu nilikuwa na redio tatu nilizoahidi kuzitengeneza, na mke wangu alikoma kuniuliza lini. Fundi alizichukua zote tatu kwa bei ndogo, na hadi leo sijazikumbuka. Akiba ni kitu unachojua kiko wapi na utakitumia lini.

Wa tatu husema kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa yaya. Hapa nasema kwa ukali kidogo. Msichana huyo hupika, hufua, huteka maji, hupiga deki na kuwaangalia watoto wawili, na jioni tunamuuliza kwa nini chupa ilifikiwa. Yeye hakuinunua. Hana ruhusa ya kutupa kitu chochote cha mwenye nyumba. Sisi wenye ruhusa ndio tuliojaza nyumba, kisha tukamkabidhi hatari zetu kwa mshahara mdogo.

Kwetu tulianza Jumamosi moja asubuhi. Nilipiga magoti nikatambaa kutoka mlangoni hadi jikoni ili nione anachokiona mtoto. Watoto walicheka, lakini mimi sikucheka. Niliona nyaya za umeme, sabuni ya unga, ncha ya kitambaa cha meza ambacho akikivuta chupa ya chai itamwangukia, na tembe mbili zilizoviringika chini ya kochi.

Tulisasambua chumba kimoja kila juma, kwa hivyo ilituchukua mwezi na zaidi. Sumu zote, yaani dawa za hospitali, dawa ya kung'arisha nguo, dawa ya mende na mafuta taa, sasa zimo katika kabati moja la juu lenye kufuli, kila moja katika chombo chake yenyewe. Hakuna kitu kisichonyweka kinachotiwa katika chupa ya kinywaji. Ndoo ikishatumika humwagwa na kuinamishwa. Kabati refu limefungwa ukutani kwa vyuma, na kitanda cha watoto kimesogezwa mbali na dirisha. Vitu vya kuchezea vimebaki kapu moja. Kila jioni tunatumia dakika kumi kurudisha vitu mahali pake, nami nashiriki, kwa kuwa baba anayeacha nyundo mezani hana haki ya kumkaripia mtu mwingine.

Sebule yetu sasa ina makochi machache, na wageni wamewahi kutuuliza kama tunahama. Twawaambia kuwa hatuhami. Wazazi wenzangu, tusingoje kitanda cha hospitali kitufundishe. Kabla ya kuuliza yaya alikuwa wapi, tuulize kile kitu kilikuwa kikifanya nini pale, na nani alikileta.