Tilapia kubwa ya Vitshumbi: ni nani anajaza ziwa?



Mumeiona ile picha. Kijana amesimama kando ya mtumbwi, tilapia iko mikononi, ameisogeza mbele ya kamera ili ionekane kubwa kuliko kichwa chake. Chini wameandika Vitshumbi na vimoto vitatu. Picha za namna hiyo zinazunguka kila mara kwenye WhatsApp za vijana wa Nyamitaba, na kila ikipita moja, utasikia fulani amefunga begi.

Hatumcheki mtu. Wengi wetu tuko na diploma zinalala kwenye plastiki chini ya godoro, na kazi ya Goma inapatikana kwa kujuana. Mtu akikuambia eti usiku mmoja ziwani unarudi na makuta ya wiki nzima, utakataa? Ndiyo maana vijana wanashuka: Kitshanga, Mweso, Nyanzale, Kibirizi, mpaka Rwindi, halafu maji. Wengi wao wamekulia kwenye vilima na ng'ombe. Wanapanda mtumbwi mara ya kwanza kule, usiku, hawajui kuogelea na hawana kitu cha kuwaelesha.

Lakini tuongee ukweli juu ya yale maji. Ziwa Edward liko na karibu kilomita za mraba 2,325, sehemu kubwa iko kwetu, na upande wetu wote uko ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kisheria vituo vya uvuvi ni vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Vingine vyote unavyosikia majina yake vimezaliwa nje ya sheria, kimoja kimoja, kila mara vita ikisukuma watu. Wavuvi wa nyavu na wa ndowano wote wanalenga maji yaleyale, ju ya jina. Ziwa likishakuwa na jina, hakuna anayeuliza kama bado liko na samaki.

Na samaki mwenyewe si mchanga wa kuchota. Dume la tilapia linachimba kiota kwenye maji mafupi, karibu na majani. Jike linaweka mayai, halafu linayabeba mdomoni mpaka vitoto vianze kuogelea. Jike kubwa linabeba mengi kuliko jike dogo. Sasa ukitega nyavu kwenye mazalio, tena nyavu ya macho madogo, umekamata mama na watoto wake kwa mara moja. Tilapia akiwindwa hivyo miaka mingi, anaanza kuzaa akiwa bado mdogo. Ziwa halibaki tupu, hapana, linabaki na samaki wa kiganja. Ile ya picha inakuwa ya bahati. Mtumbwi uliorudi asubuhi na nusu ndoo, nani amewahi kuupiga picha?

Kuna pia kiboko. Miaka ya 1970 walikuwa karibu 30,000 katika hifadhi, na mavi yao ndiyo yalikuwa yanarutubisha maji na kulisha vile vijidudu na majani madogo ambayo tilapia anakula. Katikati ya miaka ya 2000 walihesabiwa chini ya 1,000. Waliuawa kwa nyama na meno, na wengi wa waliowaua walikuwa na bunduki. Wazee wa Vitshumbi hawahitaji masomo ya chuo kikuu kukuelezea hilo.

Basi ni nani anajaza ziwa? Watakuambia ni vijana wasio na nidhamu. Sisi tunasema mufuate jetoni. Kwenye ziwa lile, makundi yenye silaha yamekuwa yakiuzia wavuvi jetoni, na asiye nayo anapoteza nyavu, mtumbwi, ama zaidi. Muuza jetoni hana sababu ya kusema mitumbwi imetosha. Kila kijana mpya kutoka Masisi ni jetoni moja zaidi. Wavuvi walilipa Mai-Mai kabla, na tangu M23 ilipofika Vitshumbi Machi 2024 hatujasikia kwamba mvuvi amepumzika. Aliye upande wowote akiudhika na sentensi hii, atuonyeshe ni wapi pesa ya ziwa imechimba hata choo kimoja cha umma.

Akikwepa jetoni, mvuvi anasogea katikati, na mpaka wa majini hauna ubao. Wanajeshi wa Uganda wanamkamata, mtumbwi na mota vinabaki kule, familia inachanga faini. Julai 2018 ilifika mpaka risasi na watu kufa. Mwaka uleule Kinshasa na Kampala walitia sahihi makubaliano juu ya uvuvi wa Ziwa Edward na Ziwa Albert. Karatasi iko. Mvuvi wa Nyakakoma bado analala jela ya Uganda.

Kati yetu wengine walipendekeza kuomba jeshi lisafishe ziwa. Tulibishana sana na tukakataa. Uganda ilifanya hivyo kwenye Ziwa Victoria kuanzia 2017 ju ya sangara. Mitumbwi ilichomwa, na wavuvi wadogo walilalamika kwa kupigwa, lakini sangara aliendelea kupanda ndege kwenda Ulaya. Hapa kwetu itakuwa mbaya zaidi, maana hapa wenye sare na wenye jetoni wakati mwingine ni haohao.

Tunaongea haya sasa ju ya Mokoto. Pale karibu na Nyamitaba tuko na maziwa manne, Ndalaga ndilo kubwa, monasteri ya Watrapisti iko kando. Ni maziwa madogo. Ikitoka picha moja ya samaki mkubwa wa Ndalaga, na njia ya Rwindi ikifungwa tena na vita, begi zitageukia wapi? Ziwa kubwa linavumilia makosa miaka arobaini. Ndalaga haitavumilia hata kumi.

Kwa hiyo tunaomba, na tutarudi kuomba. Orodha ya mitumbwi yenye ruhusa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Mazalio yawekewe alama, na wavuvi wenyewe wayalinde na kulipwa kwa kazi hiyo. Kwa Mokoto, machifu na wavuvi wa pale wakae mwaka huu waamue macho ya nyavu na miezi ya kupumzisha maji, kabla wageni hawajafika. Na yale mabwawa ya tilapia ambayo Wabelgiji walichimbisha babu zetu kwa nguvu kabla ya uhuru, mengi yamebaki matope na majani. Safari hii tutayachimba wenyewe, kwa hiari, tukihakikishiwa kwamba hakuna mtu mwenye bunduki atakuja kuyavua siku ya kwanza. Serikali ikitaka kujua vijana wenye diploma wako wapi, majembe tuko nayo.

Na wewe uliye na ile picha kwenye simu: kabla ya kuituma kwa mdogo wako Nyamitaba, muulize kwanza huyo wa kwenye picha alilipa jetoni ngapi wiki ile, na alibaki na nini.