Usiuze Mpunga Kabla Hujaiona Bloku!

Huku Lipangalala kijiweni stori ni moja tu: Land Cruiser ya ba'mdogo imenoki. Ni ile 75 ya kizamani inayobeba mpunga kutoka Mlimba. Injini yake 1HZ, dizeli, na safari hii bloku imetoboka ubavuni. Hapo hakuna cha ovahoo, ni kuweka injini nyingine.

Kasheshe ni kwamba ba'mdogo ametenga gunia thelathini za mpunga auze, mshiko uende Dar kwa dalali anayedai ana "injini ya Kruza, inaingia bila shida". Mpunga huohuo ndiyo ada ya watoto wawili. Nikamwambia, "Shikamoo ba'mdogo, kabla hujauza, muulize ni injini gani." Akanijibu, "Marahaba. We mtoto, Kruza ni Kruza!"

Si kweli, jamani. Kwenye hizo 75 Toyota waliweka injini za kila aina: 3B ya silinda nne, 2H ya silinda sita, halafu kuanzia 1990 zikaja 1PZ ya silinda tano na hiyo 1HZ ya sita. Ukiambiwa "ya Kruza" hujaambiwa kitu.

1PZ na 1HZ ni ndugu wa tumbo moja. Silinda zote zina upana wa milimita 94 na pistoni inatembea 100, ila moja ina cc 3,469 na nyingine 4,164. 1PZ itakaa, sawa, lakini umetoa ng'ombe ukapokea mbuzi. 2H nayo ina silinda sita na cc 3,980, ukiitazama juujuu utaipenda. Kumbe ni ukoo mwingine kabisa! Matundu ya bolti nyuma ya bloku hayalingani na kava la klachi ulilonalo, na hapo ndipo unapoanza kutafuta kava jingine, pengine na giaboksi yake.

Sasa ipo ile tunayoililia vijana, 1HD-T ya Land Cruiser 80. Cc zilezile 4,164, ina turbo, na kwenye giaboksi ya 1HZ inakaa. Kama mfuko unaruhusu, chukua nzima. Usije ukadanganywa uchomoe turbo yake tu uipachike kwenye 1HZ ya kawaida. Ile ya turbo dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na chini kuna vijibomba vinavyoirushia pistoni oili ipoe. 1HZ haina mambo hayo. Ipandishe na gunia kwenye mlima wa Mahenge uone! Enzi za pantoni angalau injini zilipumzika kwenye foleni pale Kilombero. Tangu daraja lifunguliwe 2018, ni moto mpaka juu.

Halafu stata. Injini nyingi za mtumba kutoka Japani zinakuja na stata ya volti 24, wakati Kruza nyingi zilizoletwa mpya Afrika ni za volti 12. Ukiipa 12 stata ya 24, itazunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Stata ya zamani isitupwe. Sampu na mauntini navyo visitupwe, maana injini iliyotoka kwenye 80 haikukalia chasisi kama ya 75.

Fundi wetu wa hapa mtaani, mzee asiye na maneno mengi, alimwambia ba'mdogo kitu kimoja: "Mwambie akupige picha ya namba iliyogongwa kwenye bloku." Siyo ya kava la juu, maana kava linahamishika. Namba hiyo ndiyo utakayokwenda nayo TRA, kwa sababu kadi ya gari inabeba namba ya chasisi na ya injini. Trafiki akifungua boneti akakuta namba nyingine, utaeleza mpaka jua lizame.

Dalali kaombwa picha tangu Jumatatu. Jumanne kaleta ya kava. Jumatano kaleta ya rejeta, sijui tuifanyie nini. Jana kapiga simu anadai kuna mteja mwingine mlangoni, hela itumwe haraka. Ba'mdogo kakata simu, kafunga stoo, na ufunguo kampa mama mdogo.

Wiki ijayo basi, mtu wangu. Picha ikija nitakuambia.