Anayeketi Nyuma si Mzigo



Wiki hii tunawapeleka mbali na bahari, katika barabara itokayo Embu kwenda Meru, tuliyoipita majuzi tukiwa nyuma ya baba watoto juu ya pikipiki. Tulikuwa tumefika Embu kwa basi kumzuru shemeji, naye akatuazima pikipiki yake tukawajulie hali jamaa wa Meru.

Safari nusura ivunjike kabla ya kuanza, kwani helmeti ilikuwa moja. “Mama watoto, wewe si unakaa nyuma tu,” akasema baba watoto. Tukamjibu kwa upole kwamba lami haimchagui wa mbele wala wa nyuma, na kwamba Sheria ya Trafiki ya Kenya humtaka mwendeshaji ampe abiria wake helmeti na jaketi linaloakisi mwanga. Ya pili ikaazimwa kwa jirani.

Tuliondoka mapema, kwa kuwa asubuhi ndipo Mlima Kenya, wenye mita 5,199, hufunua kilele chake kabla ya mawingu kukisitiri. Ulikuwa kushoto kwetu, mweupe juu, na chini yake mashamba ya majani chai, kahawa na migomba. Baada ya Runyenjes barabara hupanda na kushuka pasi na kuchoka, maana kila mto utokao mlimani umejichimbia bonde lake: Thuci, Nithi na mingineyo. Maji hayo huishia katika mto Tana, unaomwagika baharini kule Kipini. Tulipoyavuka tulijiona kama tuliokutana na jamaa ugenini.

Kabla ya Chuka tulihisi buibui likivutwa. Upepo ulikuwa umeupeperusha upindo wake hadi kwenye mnyororo. Tukampiga baba watoto begani, akasimama. Upindo ulichanika kiasi cha kiganja, nasi tukasalimika, alhamdulillahi. Lau ungezongwa na gurudumu, ungetuangusha sote wawili. Basi, dada zetu, mkipanda pikipiki vaeni suruali pana ndani ya buibui ili muweze kuketi mkielekea mbele, mguu huku na mguu huku, wala si upande. Kusanyeni upindo muukalie, na ncha za mtandio zitieni ndani ya jaketi.

Kati ya Chuka na Chogoria ndipo lilipo daraja la Nithi. Mteremko ni mrefu, na mwisho wake pana kona. Hapo, jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tulipoanza kushuka tuliona mwendo umezidi. Ulimi ulikuwa mzito, kwani tumelelewa kuamini kwamba aliyeshika usukani hasemeshwi. Hata hivyo tukasema, “Baba watoto, punguza.” Hakujibu, lakini tulisikia injini ikinguruma: ameshusha gia. Ndivyo ipasavyo, kwa kuwa breki zikishikiliwa mfululizo mteremkoni hupata moto na kulegea. Gia ndogo huifanya injini nayo isaidie kuuzuia mwendo.

Tuliuvuka mstari wa ikweta baada ya Nkubu, na adhuhuri tukaiswali mjini Meru.

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mola. Tunaona kwamba neno la mke aliyeketi nyuma nalo ni katika kamba za kumfungia ngamia huyo. Kulinyamaza kwa kuchelea kuonekana mjuaji si adabu, wala kulisikiliza hakumpunguzii mume heshima.

Kesho yake, tulipokuwa tukijiandaa kurejea, baba watoto aliwasha pikipiki, kisha akageuka. “Mama watoto,” akauliza, “buibui umelikalia?”